Ushirikishwaji wa wafanyakazi kwenye maji na umeme: unaongeza kazi au unaongeza vikao?

1. Korosho Ghafi
Wakuu, salaam. Kila ripoti ya taasisi za huduma, za maji na za umeme, haikosi aya inayosema menejimenti shirikishi imeongeza ari na tija. Mimi nasema imeongeza vikao. Baraza la Wafanyakazi linakaa, bajeti inasomwa kwenye projekta, wajumbe wanauliza habari za sare na nauli za likizo, bajeti inapita, watu wanasaini posho. Kesho yake bomba linavuja palepale lilipokuwa linavuja.

Anayeamini ushirikishwaji unaongeza utendaji anioneshe njia nzima: mfanyakazi kasema nini, nani kaamua nini, zimeokolewa lita ngapi au dakika ngapi. Nadharia za darasani tuziweke kando kwanza.

2. Fundi Koki
Umeomba lita, chukua lita.

Tuseme una eneo lenye wateja 400 na mita yake kubwa ya kuingizia maji. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala. Kadiria matumizi halali lita 2 kwa mteja kwa saa, jumla lita 800. Mita kubwa inasoma lita 6,000 kwa saa. Zile 5,200 zilizobaki ni uvujaji au wizi. Usizidishe kwa 24 kama wengi wanavyofanya, kwa sababu usiku msukumo uko juu na tundu lilelile linamwaga zaidi kuliko mchana. Ukizidisha kwa 20 hivi unapata kama lita 104,000 kwa siku.

Hapo bado ni mhandisi na kalamu yake. Kinachofuata ni kufunga valvu mojamoja, kuanzia mwisho wa mtandao kurudi kwenye mita, na kila ukifunga unaandika mita imeshuka kiasi gani. Kipande kikishuka kuliko idadi ya wateja wake inavyostahili, chimba hapo. Sasa nani anajua valvu zilipo? Kwenye ramani zipo chache, ardhini zipo nyingine zimefukiwa na kifusi cha barabara, na ipo inayozunguka bila kufunga. Fundi wa doria anazijua zote. Ukimtuma tu, atafunga za kwenye ramani na kwenda kulala. Ukimketisha wakati wa kupanga zoezi, atakwambia valvu ya nne haifungi kabisa, kwa hiyo vipimo vyote vya chini yake vitakudanganya.

3. Mama Shangani
Fundi Koki umeeleza vizuri, ila huko ni kumuuliza njia mwenye njia. Mhandisi ndiye aliyeamua zoezi lifanyike, lini na wapi.

Tutenganishe ngazi, la sivyo tutabishana hadi korosho zianguke. Kuna kuarifiwa: tangazo ukutani. Kuna kuulizwa: maoni yako yanachukuliwa, uamuzi si wako. Kuna kuamua pamoja: bila wewe kukubali haliendi. Na kuna kukabidhiwa: hili ni lako, utaulizwa matokeo. Mtoa mada anaponda ngazi ya kwanza iliyovaa koti la tatu. Fundi Koki anasifia ya pili. Ya nne haijaguswa na mtu.

4. Kuchele Original
Mama umewapa somo. Mimi napendekeza ngazi ya tano: kushirikishwa kwenye kula. Hiyo utekelezaji wake ni asilimia mia, soda za moto na maandazi.

5. Mtu wa Vifungu
Mabaraza ya watumishi wa umma hapa Tanzania yamesimama juu ya Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma Na. 19 ya 2003. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 73, inaruhusu chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa na mwajiri kufunga mkataba wa pamoja unaoanzisha jukwaa la ushirikishwaji mahali pa kazi. Ni makubaliano ya pande mbili. Kwa hiyo nguvu ya Baraza lenu inategemea mlichoandika kwenye mkataba. Wengi wananakili mkataba wa taasisi jirani, wanabadilisha jina la juu na nembo, halafu wanalalamika Baraza halina meno.

Ukaguzi wa haraka: fungua mkataba wenu, tafuta sehemu ya majukumu. Kama vitenzi vyote ni kushauri, kupokea na kupitia, hamna ngazi ya tatu ya Mama Shangani. Mnayo ya pili.

6. Nahodha Msanga Mkuu
Haya yote ni urithi wa Mwongozo wa TANU wa 1971. Wafanyakazi walipewa sauti siku ile, tukaja kuipoteza wakati wa ubinafsishaji.

7. Mtu wa Vifungu
Nahodha, rudi nyuma kidogo. Kamati za wafanyakazi zilikuwepo tangu sheria ya usalama wa ajira ya 1964, zikihusika zaidi na nidhamu na kufukuzwa kazi. Mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma yaliagizwa na Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970, mwaka mmoja kabla ya Mwongozo, na yalikuwa ya kushauri. Mwongozo ulitoka Februari 1971 na kilichowasha moto ni ibara ya 15, inayowakataza viongozi majivuno na ubabe. Baada ya hapo ndipo wafanyakazi wa viwanda kadhaa wakaanza kusimamisha kazi na hata kuwafungia mameneja nje ya geti.

8. Nahodha Msanga Mkuu
Nimekusoma, ila hoja yangu iko palepale. Waraka ulileta viti, Mwongozo ndio ulioleta sauti. Na sauti ile ilikuwa juu ya heshima, haikuhusu uzalishaji. Mtu hakufunga geti kwa sababu tani zimepungua. Ndiyo maana nasema ushirikishwaji usipimwe kwa lita.

9. Korosho Ghafi
Kama haupimwi kwa lita, basi waandike kwenye ripoti kwamba ni suala la heshima, waache neno tija. Sitawasumbua tena.

10. Laini Kuu
Upande wa umeme. Mniruhusu niharibu hali ya hewa: kwenye laini ya kV 33 (volti 33,000) hakuna demokrasia. Utaratibu ni mmoja. Zima. Funga kufuli sehemu ya kuzimia na uweke kibao. Pima kwa kifaa kwamba hakuna umeme, na kifaa chenyewe ukipime kabla na baada. Unganisha laini na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi, kwa sababu jenereta ya mteja iliyounganishwa kienyeji inaweza kurudisha umeme kupitia transfoma. Halafu ndipo kibali cha kazi kinasainiwa. Hakuna anayepiga kura kuruka hatua ya nne kwa kuwa jua linazama. Ushirikishwaji una mahali pake, hapa si pake.

11. Mama Shangani
Laini Kuu, anayeweza kusema "sipandi nguzo hii" ni nani?

12. Laini Kuu
Yeyote kwenye kikosi, hata kibarua wa kushika kamba. Na akisema, msimamizi hamlazimishi.

13. Mama Shangani
Basi umenipa mfano wa ngazi ya nne. Mtu wa chini kabisa anasimamisha kazi ya mkubwa wake bila kuomba ruhusa, na hiyo ni mamlaka iliyokabidhiwa. Kikao cha dakika kumi chini ya nguzo kabla ya kuanza, kila mmoja akisema hatari aliyoiona, ni menejimenti shirikishi kuliko semina ya siku mbili. Taratibu hazipigiwi kura, nakubali, ila zinaandikwa na nani? Zikiandikwa na wapandaji zinafuatwa. Zikishushwa kutoka juu zinafuatwa mkaguzi akiwepo.

14. Mpiga Salfa
Niongezee la mkuza, yaani njia inayosafishwa miti chini ya laini ya umeme, kwa sababu huku kwetu mikorosho na laini ni mahasimu.

Mpango wa mwaka ukiandikwa mezani unasema: safisha mkuza robo ya kwanza, Julai hadi Septemba. Muulize kijana yeyote wa kikosi cha Tandahimba au Newala atakucheka. Miezi hiyo mkorosho unachanua na mkulima kashapuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho. Ukikata tawi lenye maua umemkatia fedha, atakuja na panga na mtendaji wa kijiji nyuma yake. Kikosi kinarudi, ripoti inaandikwa "wananchi hawakutoa ushirikiano". Ukisubiri mavuno yaishe umeingia kwenye mvua za Desemba na Januari, magari yanakwama na upepo umeshaanza kuangusha matawi juu ya nyaya. Dirisha zuri ni Mei hadi mwanzoni mwa Juni: mvua zimekatika, maua bado, na mkulima mwenyewe anapogolea wakati huo, unamkuta na kisu mkononi. Hili halimo kwenye kitabu chochote cha shirika, wanalijua waliokata.

Korosho Ghafi, hapo una njia nzima uliyoiomba: aliyesema, kilichoamuliwa, na matawi yaliyopungua kwenye laini mvua zilipoanza.

15. Stoo Imefungwa
Mpiga Salfa umenikuna mahali penyewe. Kwa nini inaandikwa Julai hadi Septemba? Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kifungu cha fedha kinafunguka, zabuni ya kusafisha mkuza inapandishwa kwenye NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao), inashindaniwa, inatathminiwa, mkataba unasainiwa, na kufikia hapo mwezi wa tisa umekukuta. Ukitaka Mei, lazima mkandarasi awe na mkataba uliosainiwa tangu robo ya pili wenye tarehe ya kuanza ya mbele, na fedha isiwe imeshahamishiwa dharura nyingine.

Hoja yangu: mnalumbana juu ya ushirikishwaji, kumbe kinachobana utendaji ni stoo. Mfano wa maji. Bomba la plastiki la milimita 110 limepasuka kwa urefu. Fundi mumshirikishe au msimshirikishe, anahitaji viungio viwili vya saizi hiyo na kipande cha bomba la daraja lilelile la msukumo. Vikikosekana atafunga mpira wa tyubu ya baiskeli na waya. Itashika siku chache, kisha litatoboka sentimita kumi pembeni. Mwite kwenye kikao mara kumi, hatakuja na kiungio mfukoni.

16. Fundi Koki
Stoo, swali: kwa nini stoo ina viungio vya 160 vimejaa vumbi na vya 110 hakuna?

17. Stoo Imefungwa
Kwa sababu makadirio ya mwaka yalinakiliwa ya mwaka juzi, kipindi cha mradi.

18. Fundi Koki
Na nani angejua kwamba mwaka huu mipasuko mingi ni ya 110? Huyohuyo mnayesema hahitajiki kwenye kikao.

19. Stoo Imefungwa
Sijasema hahitajiki. Nimesema kikao kisichofika kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka ni maongezi tu. Mpango unafungwa kabla ya Julai. Ukimuuliza fundi mwezi wa nane, jibu lake litasubiri mwaka unaofuata. Mnaotaka kushirikisha, shirikisheni Januari na Februari, makadirio yakiwa bado ni karatasi.

20. Gesi Yetu
Ushirikishwaji? Huku Mtwara? Tulipopinga bomba la gesi 2013 tulishirikishwa na mabomu ya machozi.

21. Mama Shangani
Gesi Yetu, hilo la 2013 lilikuwa la wananchi na serikali, lina uzito wake na lina uzi wake. Hapa tunaongelea mfanyakazi na bosi wake. Karibu ukae lakini.

22. Likati na Saba
Naona mnasahau wanaopima. Tafiti nyingi za mada hii zinafanywa hivi: dodoso lina maswali ya "menejimenti hunishirikisha" na maswali ya "utendaji wangu ni mzuri", yote kwa mizani ya moja hadi tano, yanajibiwa na mtu yuleyule asubuhi ileile. Mwenye furaha atapiga tano kote, mwenye hasira atapiga mbili kote. Ukitafuta uhusiano utaupata, hata kama hakuna kikao kilichowahi kufanyika. Umepima hali ya moyo mara mbili.

Dawa: utendaji uchukuliwe kwenye kumbukumbu, usiulizwe kwa mtendaji. Maji: asilimia ya maji yanayopotea (watu wa sekta hutaja asilimia 20 kama kiwango kinachovumilika), makusanyo dhidi ya ankara, saa kutoka taarifa ya mpasuko hadi kufukiwa, wafanyakazi kwa kila wateja 1,000. Umeme: dakika za kukosa umeme kwa mteja kwa mwaka. Hii inakokotolewa hivi: laini yenye wateja 1,200 ikizimika dakika 90 ni dakika 108,000. Gawanya kwa wateja wote wa wilaya, tuseme 30,000, unapata dakika 3.6 kwa tukio hilo. Jumlisha matukio yote ya mwaka.

Halafu linganisha vituo viwili vinavyofanana kwa mtandao na umri wa mabomba, kimoja kimebadili namna ya kuamua, kingine bado. Chini ya hapo ni hadithi.

23. Laini Kuu
Likati, kuna mtego hapo. Saa ya kuanza kukatika inaandikwa na nani? Kituo kisicho na vifaa vya kujirekodi kinaandika pale mteja wa kwanza alipopiga simu. Kijijini usiku wa manane hapigi mtu hadi asubuhi. Kikosi kinachoogopa adhabu kinaweza kuandika kuanzia kilipofika. Ukiwashirikisha kweli wakaacha kuogopa, wataandika muda halisi, na dakika zako zitapanda. Bodi itauliza: mmewapa uhuru, mbona hali imekuwa mbaya?

24. Fundi Koki
Nakazia. Kwenye maji ni vilevile. Mpasuko uliokuwa unazibwa kimyakimya unaanza kuandikwa daftarini. Miezi ya kwanza idadi ya mipasuko inapanda. Meneja asiyejua hili atafunga zoezi lote mwezi wa tatu akidhani limefeli.

25. Korosho Ghafi
Ahaa. Kwa hiyo takwimu zikiwa mbaya ushirikishwaji unafanya kazi, zikiwa nzuri ushirikishwaji unafanya kazi. Hamshindwi nyie!

26. Likati na Saba
Korosho Ghafi anawaonea mafundi, ila ana haki. Njia ya kutoka ni kuangalia kipimo ambacho kikosi hakiandiki chenyewe. Mita kubwa ya saa nane usiku haina hofu na haina bosi. Mipasuko iliyoandikwa ikipanda huku maji ya usiku yakishuka, watu wanaandika na wanaziba. Vyote viwili vikipanda, Korosho Ghafi kashinda.

27. Msomi wa Stella Maris
Wakuu habari. Mbona ushahidi upo tangu zamani? Majaribio ya Hawthorne kule Marekani yalithibitisha kwamba kuwashirikisha wafanyakazi kunaongeza uzalishaji.

28. Likati na Saba
Msomi, yale ya Hawthorne, 1924 hadi 1932, yalianza na mwanga wa taa, yakaja mapumziko, saa za kazi na namna ya kulipa. Yamebishaniwa hadi leo na hayakuundwa kupima ushirikishwaji. Unaloliwaza ni la Coch na French, 1948, kiwanda cha Harwood cha nguo za kulalia huko Virginia. Walipobadilisha namna ya kazi, kundi lililoambiwa tu lilishuka uzalishaji na kubaki chini, watu wakaacha kazi. Makundi ambayo watu wote walishiriki kupanga mabadiliko yalirudi juu haraka na kupita kiwango cha awali kwa kama asilimia 14.

Sasa ulifurahi mapema. Jaribio la namna hiyo lilirudiwa kiwanda cha viatu Norway, likachapishwa 1960, na uzalishaji haukutofautiana. Maelezo mojawapo: kule wafanyakazi walizoea kuwakilishwa na chama chao, hawakuona mkutano na msimamizi kama njia halali ya kuamua. Na Wagner, 1994, alipopitia tafiti nyingi kwa pamoja, alikuta ushirikishwaji una athari kweli kwa utendaji na kuridhika, ila ni ndogo.

29. Msomi wa Stella Maris
Asante mkuu. Lakini hilo la Norway si linamsaidia Mtu wa Vifungu? Kwetu nako vyama vya wafanyakazi vipo, TUICO, TUGHE na wenzao. Labda mafundi hawaamini kikao cha bosi kwa kuwa njia yao halali ni chama.

30. Mtu wa Vifungu
Linanisaidia nusu. Kwa sheria ya 2004, tawi lenye wanachama 21 hadi 100 lina wawakilishi 10, zaidi ya 100 lina 15, na hapo angalau 5 wawakilishe wanawake, kama wapo. Ni watu wa kutosha. Tatizo, kwenye vituo vya mbali, tuseme kisima cha kusukumia maji chenye waendesha mitambo watatu wa zamu, mwakilishi yuko makao makuu ya mkoa. Baraza linamwakilisha mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

31. Mitema Juu
Umenitaja bila kunitaja. Ngoja niwape la waendesha pampu, kwa sababu hapa ndipo ushirikishwaji unaonekana kwa macho.

Maji ya uwanda wa Makonde yanapandishwa toka bondeni Mitema hadi juu Newala. Umeme ukikatika pampu zinasimama, maji yanashuka, hewa inaingia bombani. Umeme ukirudi, mwendeshaji ana chaguo. Akifungua valvu yote mara moja, maji yanakimbiza hewa, yanagonga kona na valvu zilizofungwa, na kiungo dhaifu kinapasuka. Akijaza polepole, mwendo wa mita 0.3 kwa sekunde, bomba linajaa salama. Kwa bomba la milimita 200 mwendo huo ni kama lita 9.4 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 34 kwa saa. Valvu inafunguliwa robo mzunguko, anasubiri, anasikiliza valvu za hewa zikipuliza, ziliponyamaza anaongeza.

Sasa bosi yuko mjini, simu zinalia, mbunge kapiga, wateja wamepiga, anamwamuru mwendeshaji "fungulia haraka". Mwendeshaji aliyezoea kuamriwa atafungulia. Usiku huohuo mpasuko, kesho kikosi kizima kinachimba, wateja wanakosa maji siku mbili badala ya saa sita. Kumkabidhi kujaza kwa mwendo wake, iandikwe kwamba hata meneja hawezi kumharakisha, hakuhitaji bajeti wala NeST. Stoo hana la kujibu hapa.

32. Stoo Imefungwa
Ninalo. Valvu ya hewa iliyokwama kwa kutu utaisikilizaje? Seti ya kuifanyia matengenezo iko wapi?

33. Mitema Juu
Hahaha, mtani, wewe kila ugonjwa dawa yako klampu.

34. Tokeni Imegoma
Samahani kuingilia. Mita ya LUKU ya nyumba yenye wapangaji, haijawahi kuwekwa umeme tangu Novemba 2024, sasa tokeni inakataliwa. Shida nini?

35. Laini Kuu
Mita za malipo ya kabla zinazotumia mfumo wa tokeni wa STS, kama LUKU, dunia nzima zilihitaji kubadilishiwa ufunguo kwa sababu hesabu ya tokeni ilifika ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Ukinunua utapewa tokeni tatu za tarakimu 20. Ingiza ya kwanza, ya pili, kwa mpangilio uleule. Hizo mbili hazileti uniti. Ya tatu ndiyo ya umeme. Ukianza na ya tatu inakataa.

36. Kuchele Original
Na hii ndiyo menejimenti shirikishi ya kweli, mteja kashirikishwa kubonyeza namba 60.

37. Dada Ankara
Mnaongea mafundi tu, wasoma mita hamtutaji. Hapa kuna mgongano ambao sijaona mtu akiutatua.

Msoma mita akikaa njia moja muda mrefu anajua kila kitu: mita iliyozikwa, mbwa wa nani anauma, nyumba iliyopangishwa ikawa gesti na bado inalipia bei ya nyumbani. Mpe njia hiyo iwe yake, mshirikishe kupanga, usomaji wa kukisia unapungua. Lakini huyohuyo ndiye mwenye nafasi ya kuzoeana na wateja, wakakubaliana mita isomwe chini. Kwa hiyo ofisi zinawazungusha njia kila miezi kadhaa. Ukizungusha, ujuzi unapotea, mgeni hajui mita ilipo, anakisia. Ushirikishwaji unataka akae, udhibiti unataka aondoke.

Dalili za kukisia, kwa wasiojua: usomaji unaoishia na sifuri mfululizo, nyumba ishirini zimesomwa ndani ya dakika kumi, matumizi yaleyale miezi mitatu, na mteja mmoja anaruka ghafla mwezi wa nne kwa sababu mita halisi imemfikia.

38. Likati na Saba
Dada Ankara, picha ya mita yenye mahali na saa imesaidia sehemu nyingi. Akae njiani kwake, ila sampuli isomwe tena na mtu mwingine, tuseme mita 10 kati ya kila 200, zichaguliwe bila yeye kujua.

39. Dada Ankara
Picha inapigwa hata kioo kikiwa na ukungu, namba haionekani, mfumo unapokea. Na sampuli ya siri inamwambia "hatukuamini", siku moja baada ya kikao cha "wewe ni mwenzetu". Wasoma mita si wajinga.

40. Mama Shangani
Kwa nini iwe siri? Wasoma mita wenyewe wapange nani anarudia njia ya nani, kwa kura ya vikaratasi kila mwezi. Ukaguzi ubaki, mkaguzi awe mwenzake.

41. Dada Ankara
Watalindana.

42. Mama Shangani
Wakilipwa motisha ya mtu mmojammoja watalindana, kwa kuwa hawapati hasara. Motisha ikiwa ya kanda nzima, kwa makusanyo dhidi ya maji yaliyoingia, anayekisia anawala wenzake.

43. Nanyamba Mjini
Na PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, hamjaigusa. Mfumo wa zamani, OPRAS ya tangu 2004, ulikuwa fomu za karatasi. Sasa mtumishi anajaza malengo na majukumu yake kwenye mfumo, msimamizi anaidhinisha, utekelezaji unapimwa humo. Kwa muundo ni ngazi ya tatu kabisa, pande mbili zinakubaliana. Kinachoharibika ni mtumiaji. Fundi wa kuchimba hana kompyuta, karani anamjazia. Karani ananakili malengo ya mhandisi. Fundi anajikuta ana lengo la "kuandaa taarifa nne za robo mwaka" wakati kazi yake ni kuziba mabomba. Akipimwa anapata alama za chini kwa kutoandika taarifa. Tiba ni dakika ishirini: msimamizi akae naye na simu ya mkononi, waandike malengo kwa lugha ya kazi. "Mpasuko wa bomba dogo uzibwe ndani ya saa 24 baada ya kupokea taarifa, vifaa vikiwepo."

44. Stoo Imefungwa
"Vifaa vikiwepo." Asante kwa kunitambua.

45. Korosho Ghafi
Nimewasoma wote. Mkuza Mei nakubali. Kujaza bomba polepole nakubali. Lakini yote mliyoleta ni fundi kuachiwa kazi anayoijua. Hilo linaitwa kutokuwa na bosi msumbufu. Baraza, mkataba wa pamoja, dodoso, bado hakuna aliyenionesha lita.

46. Fundi Koki
Nikupe kitu cha kujaribu, gharama yake ni daftari na ubao. Kila Jumatatu dakika ishirini. Kila mpasuko wa wiki uandikwe: mahali, saizi, aina ya bomba, sababu (mizizi, gari, msukumo, kiungo kibovu), saa toka taarifa hadi kufukia, na kifaa kilichokosekana. Baada ya wiki nne kikosi kichague matatizo matatu, bosi asichague. Bosi ana siku saba za kujibu kila moja kwa maandishi: ndiyo na tarehe, au hapana na sababu. Inapofia siku zote ni hapo kwenye kujibu. Pendekezo la kwanza likikaa bila jibu, wiki ya sita ubao unaandikwa "hakuna jipya".

47. Mtu wa Vifungu
Hizo siku saba ziingie kwenye mkataba wa Baraza, ndipo Korosho Ghafi atapata lita zake kwenye Baraza. Bila hivyo bosi akihama, daftari linahama naye.

48. Laini Kuu
Siku saba kwa umeme ni nyingi kwa baadhi ya mambo. Vikombe vya nguzo za pwani, vile vinavyozuia umeme usiingie kwenye nguzo, vinajaa chumvi kiangazi chote, manyunyu ya kwanza yakigusa, chumvi inalowana na umeme unaruka. Kikosi kikisema vioshwe kabla ya Novemba, jibu la siku saba likija "hapana, andikeni upya kwa muundo sahihi", mvua haitasubiri muundo. Mambo ya msimu yawe na jibu la siku mbili.

49. Mpiga Salfa
Na ya mkuza?

50. Laini Kuu
Ya mkuza jibu litoke Februari, kama Stoo alivyosema, mkandarasi apate muda wa kuingia Mei.

51. Stoo Imefungwa
Februari mkataba uwe umeshasainiwa, siyo jibu. Someni post namba 15 tena.